Kupamba nyumba kwa hela ndogo Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa kila nikikutana na watu, sokoni, shughulini, mpaka ndani ya daladala ya Mikindani. Kazi yangu ni kushona pazia na kuwapangia watu nyumba hapa Mtwara mjini, wateja wangu wengi ni wa chumba na sebule, walimu, manesi, vijana wanaotaka kuoa, na wengine wapo Lindi wananitumia picha kwa WhatsApp. Kwahiyo majibu ni ya watu wa hali hiyo, mwenye uwezo wa kuleta fundi jipsamu kutoka Dar aendelee tu na mambo yake. Neno moja niliseme mapema maana litajirudia: huku kwetu kuna joto, kuna unyevu, kuna chumvi ya bahari na kuna mchwa, na vitu vingi vya kung'aa tunavyoagiza Kariakoo havijatengenezwa kwa ajili ya hayo manne. Vinavyostahimili mara nyingi ni vilevile vya bei rahisi ambavyo vipo hapahapa.

Dada nina laki moja tu, naanza na nini?

Anza na kisichokula hela. Siku ya jua toa kila kitu nje, yani kila kitu mpaka kabati, ufagie, utoe utando wa buibui, uoshe madirisha na nyavu zake, alafu uangalie chumba kikiwa kitupu. Sebule nyingi ninazoingia tatizo sio kukosa vitu, ni vitu kuwa vingi: sabufa mbili na moja haifanyi kazi, viti vya plastiki vimepandana nyuma ya mlango, gunia la mchele, feni iliyokufa, baiskeli ya mtoto aliyeshaenda sekondari. Rudisha ndani kile tu mnachotumia. Kilichobaki uza au gawa.

Hapo laki yako bado haijaguswa. Sasa nenda kwa mpangilio huu: ukuta, taa, pazia, chini, na mwisho kabisa ndo mapambo yenyewe. Watu wengi wanaanza na mwisho, wananunua saa kubwa ya dhahabu na maua ya plastiki na stika za vipepeo wakati ukuta bado una alama za mikono ya watoto, sasa pambo lote linaonyesha tu jinsi ukuta ulivyochafuka. Hela ikiishia kwenye pazia usijali, sebule yenye ukuta msafi, mwanga mzuri na pazia iliyokaa sawa inatosha kabisa kupokea mgeni.

Ukuta wangu unatoa unga mweupe kwa chini na rangi inavimba na kubanduka. Nimepaka upya imerudi vilevile. Rangi ni feki?

Hapana, na hili nitalijibu kwa urefu maana nusu ya nyumba za Shangani, Ligula na zile za ufukweni Lindi zina shida hii na watu wanamaliza hela kwenye rangi.

Unga ule ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi ambao haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, au mchanga uliopigiwa plasta ulichotwa karibu na bahari ukaja na chumvi yake. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuondoka, chumvi inabaki, inajikusanya chini ya rangi na kuisukuma mpaka inabanduka. Ukimaliza hasira zako kwa kupaka rangi ya mafuta ndo umeharibu zaidi, kwa sababu umeziba pale pa kutokea, maji yanatafuta njia juu zaidi na mwakani unga utauona usawa wa swichi.

Kwanza toka nje uangalie ukuta huohuo kwa upande wa pili. Mara nyingi utakuta maji ya bafuni yanamwagika pale, au mvua ya kwenye bati inadondoka chini ya ukuta kabisa, au kuna bustani ya mchicha imegusana na nyumba inamwagiliwa asubuhi na jioni. Chimba kamfereji ka kupeleka maji mbali, hama na mchicha wako. Alafu subiri kiangazi. Mvua za huku ni msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, kwahiyo kazi ya ukuta ifanye kati ya Juni na Oktoba ukuta ukiwa umekauka.

Kukwangua: tumia kisu cha puti au hata bapa la panga, toa rangi yote iliyolegea, alafu piga brashi ngumu, KAVU, uzoe unga ule utupe nje. Usioshe kwa maji. Ukiosha chumvi inayeyuka na kurudi ndani ya ukuta inakusubiri. Acha kama wiki, ukitokea tena piga brashi tena. Ukitulia ndo unapaka, na unapaka chokaa au rangi ya maji ambayo inauacha ukuta upumue. Kochi na kabati visogeze kidogo kutoka ukutani, upite hata mkono, hewa izunguke.

Na kama we ni mpangaji, hiyo nailoni ya msingi ni kazi ya mwenye nyumba, usijitwishe. Mpigie picha umtumie kabla hujalipa kodi ya miezi sita ijayo, sio baada.

Chokaa si mambo ya kizamani?

Nenda Mikindani ukaiangalie Boma ya Wajerumani, ya mwaka 1895, uniambie kama ni mbaya. Kuta za zamani pale ni mawe ya matumbawe na chokaa, zimekula upepo wa bahari zaidi ya miaka mia na zipo.

Chokaa inachukiwa kwa sababu inapakwa vibaya. Watu wanaikoroga nzito wanapaka mara moja, ikikauka inapasuka na kuchafua kila shati linaloegemea. Ichekeche, iloweke usiku kucha, kesho yake iwe nyepesi mpaka uone haitoshi. Lowanisha ukuta kwanza. Paka ukungu mwembamba, ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu, subiri, inang'aa inavyokauka. Rudia mara tatu au nne, kila mkono siku yake. Chumvi kiganja kimoja kwenye ndoo, au gundi nyeupe ya mbao kidogo, inasaidia isitoke kwenye nguo. Ukitaka rangi, ile oksaidi nyekundu au ya njano wanayochanganyia sakafu ndo dawa, kijiko kwa kijiko mpaka upate krimu au ule wekundu wa udongo wa Newala. Pima rangi yako kipande kidogo nyuma ya mlango kwanza uache ikauke maana ikikauka inapauka sana.

Onyo mbili. Haishiki juu ya rangi ya mafuta, na ikiingia jichoni inaunguza, vaa miwani hata ya jua, na watoto wakae mbali. Na kwa wale wanaouliza kupaka chokaa kwenye bati ili nyumba ipoe, msifanye, chokaa inakula zinki ya bati na kutu inafuata.

Chumba kimoja kinakula rangi lita ngapi?

Fundi atakwambia ndoo ya lita 20, inayobaki anajua yeye inapokwenda. Piga hesabu mwenyewe. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika mita za mraba kama 10 kwa mkono mmoja, yani ukipaka mara moja, ukuta wa plasta ghafi inapungua. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye urefu wa mita 2.7 kina ukuta wa mita za mraba 35 hivi, toa mlango na dirisha inabaki 32, mikono miwili ni 64, kwahiyo lita 6 na kitu. Galoni mbili za lita nne zinatosha na chenji inabaki ya kusawazishia watoto wakichora.

Hela haitoshi? Paka ukuta mmoja tu, ule unaouona ukiingia mlangoni. Mita 3 kwa 2.7 ni kama 8, mikono miwili 16, lita mbili zinakutosha kabisa. Zingine tatu zifute tu vizuri kwa kitambaa na maji ya sabuni.

Mwenye nyumba hataki nipake rangi wala nipige misumari

Kaa naye uongee, wengi hawakatai rangi, wanakataa zambarau na nyeusi. Mwambie nyeupe au krimu, kwa hela yako, wengine wanakubali mpaka kukata kidogo kwenye kodi lakini hilo muandikishiane.

Akigoma kabisa basi pamba kwa vitu vinavyosimama: mkeka mkubwa umeegemea ukuta, rafu ya mbao, pazia pana inayofunika mpaka pembeni ya dirisha, ua kubwa kwenye kona. Misumari ile ya zamani iliyoachwa na mpangaji aliyepita itumie yote, hakuna ukuta wa nyumba ya kupanga usiokuwa nayo.

Zile wolupepa za stika je, zinaonekana nzuri kwenye simu

Kwenye simu ndiyo. Huku unyevu unaingia kwa nyuma, pembe zinaanza kujikunja, gundi inashika vumbi, na siku ukiitoa inatoka na rangi ya mwenye nyumba. Zifanyie ndani ya rafu au mlango wa kabati la jikoni ambapo pako laini na pakavu. Ukuta wa plasta hapana, mi siweki na mteja akilazimisha namwambia atafute mtu mwingine.

Pazia nzuri bei kubwa, naweza kutumia khanga?

Unaweza na inapendeza kuliko ile mitambaa mizito ya kung'aa ambayo Desemba unaingia sebuleni kama umeingia tanuri. Ila khanga kuna namna yake.

Dirisha letu la kawaida ni futi tano kwa nne, yani kama mita moja na nusu kwa moja na ishirini. Pazia ili ikunjamane vizuri inatakiwa iwe na upana wa dirisha mara mbili, hapo ni mita tatu. Doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kina urefu kama wa mita moja na nusu, ukivitandaza kwa kulala unapata mita tatu zako kamili. Shida ni kwenda chini, khanga ina mita moja na kidogo tu, itakuwa fupi inaning'inia juu ya kizingiti. Dawa yake ni kuongeza marekani kwa juu, kile kitambaa cha pamba kisichochovywa rangi, sentimita 40 au zaidi, pindo la khanga likabaki chini linaonekana lote. Isiwe bafta nyeupe, watu watasema umetundika sanda.

Kabla ya kushona loweka vyote viwili usiku mmoja na uanike, marekani inasinyaa sana, usipofanya hivyo ukija kufua pazia inapanda juu na mshono unavutana. Upande wa dirishani weka kitambaa kingine chepesi kwa nyuma kwa sababu jua la huku linapausha khanga haraka, hasa nyekundu. Alafu soma jina la khanga kabla hujaitundika. Kuna majina ya mafumbo ya majirani na uke wenza ambayo kwenye kiuno chako ni sawa ila yakikaa sebuleni kila mgeni anadhani kasemwa yeye.

Bomba la pazia lifunge juu ya dirisha kiganja kizima na lizidi pembeni kila upande, dirisha linaonekana kubwa na ukifungua pazia haizibi hewa. Nunua la aluminiamu. Yale ya chuma chembamba yaliyopakwa dhahabu yanapata kutu mapema tu kwa hewa ya chumvi na kutu ikigusa khanga haitoki. Hata misumari na skrubu chukua za zinki.

Kapeti la manyoya au mkeka?

Mkeka. Kapeti zito kwenye sakafu yenye unyevu linashika kuvu kwa chini wakati juu linaonekana zuri, na mwenye pumu ndani ya nyumba anakohoa usiku bila kujua sababu. Kama unalo tayari usilitupe, ila lisilale sakafuni mwaka mzima, litoe juani mara kwa mara na masika ulikunje.

Mkeka wa ukindu au wa miyaa unapitisha hewa, unakunjwa asubuhi, na ukiagiza kwa mama anayesuka unachagua rangi zako. Hapa ndo mahali pa kutobana hela sana. Geuza upande wa nyuma uangalie maungio: zile kili, yani mikanda iliyosukwa, zimeshonwa karibu karibu na mstari umenyooka, au kuna mianya unapitisha kidole? Ukivuta kidogo kwa mikono miwili usisikie kukatika. Rangi ijaribu kwa kitambaa kilicholowa, ikitoka kwenye kitambaa itatoka na kwenye kanzu ya mgeni. Kuusafisha ni kitambaa kibichi na kuanika kivulini, usiuloweke.

Mkeka mbovu pembeni haufi. Kata kipande kizuri, zungushia pindo la kitenge, tundika ukutani. Na ungo, na kawa za rangi zile za kufunikia chakula, tatu za saizi tofauti zikikaa pamoja juu ya kochi hutahitaji picha ya maporomoko ya maji.

Ninunue makochi mapya ya mkopo au nitengeneze ya zamani?

Kaa juu yake ujitikise. Likilia kidogo ni misumari, hiyo seremala anaweza. Fremu ikiwa mbao ngumu nzima, badilisha sponji na kitambaa, utakuwa na kochi bora kuliko jipya la dukani ambalo ndani ni mbao laini na maboksi. Sponji usichague kwa unene, chagua kwa uzito, bonyeza kwa ngumi uone inarudi haraka kiasi gani. Kitambaa chukua cha pamba au cha katani katani, ile ngozi bandia inakugandisha mapaja kwa jasho na baada ya muda inaanza kubanduka vipande vidogo vyeusi vinazagaa nyumba nzima.

Meza na kabati za ile mbao ya unga wa kugandamizwa nazo ziangalie kwa jicho baya. Maji yakiingia pembeni inavimba na haina fundi. Meza ya seremala wa mtaani ya mbao halisi, hata isiyopigwa vanishi vizuri, utapiga msasa mwenyewe.

Na vya mtumba vizuri vinatoka kwa watumishi wanaohamishwa. Mtu kapangiwa Kigoma, hawezi kusafirisha kabati la milango mitatu, anataka hela ya nauli leo. Waambie marafiki zako walimu na manesi wakushtue.

Lini vitu vinakuwa bei chini?

Usinunue wakati wa korosho. Minada inaanza Oktoba, hela ikishaingia kwenye akaunti za wakulima Tandahimba na Newala mafundi wote wanakuwa bize na kila bei inapanda, na hata pazia zangu napandisha sitaficha. Nunua Julai, Agosti, Septemba. Au subiri Machi Aprili hela ya msimu ikishaisha, TV na makochi yaliyonunuliwa Novemba kwa shangwe yanatafuta mtu.

Magunia ya korosho na paleti naona watu wanatengenezea vitu, ni sawa?

Gunia la katani linatoa foronya nzuri na pindo za mikeka, lichemshe kwanza maana lina vumbi na harufu, na ndani weka kitambaa laini lisikwaruze. Ila chukua magunia chakavu ya halali. Magunia mapya ya chama cha ushirika ni ya kubebea mazao, yakionekana yameshonwa mito sebuleni kwako utajieleza.

Paleti tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao. Ukiona HT mbao ilitibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB ilipigwa sumu ya gesi, hiyo usiingize ndani hasa kitandani kwa mtoto. Isiyo na muhuri na ina madoa ya mafuta achana nayo, hujui ilibeba nini.

Mchwa wananimaliza

Kitu cha mbao kisiguse udongo wala ukuta moja kwa moja. Kabati liweke juu ya vipande vya tofali au vikopo, sogeza mara moja kwa mwezi uangalie vijinjia vya udongo ukutani, ukiviona vunja na ufuatilie vinapotokea. Oili chafu ya gari watu wanapaka kwenye nguzo za nje, huko sawa, ndani inanuka na inachafua. Mafuta ya maganda ya korosho nayo yanazuia mchwa kweli, yanatumika kuhifadhi mbao, lakini mabichi yanababua ngozi vibaya kama alivyowahi kubabuka kila mtu aliyekula korosho ya kuchoma porini utotoni. Sio ya kujaribu bila glavu na sio ya stuli ya mtoto.

Taa gani inafanya chumba kidogo kionekane kizuri?

Sebuleni weka balbu ya LED ya mwanga wa njano njano, boksi lake limeandikwa 2700K au 3000K. Zile za 6500K ni za weupe wa hospitali, zifae jikoni na kwenye kusomea. Tena ziwe mbili: moja juu, moja ya pembeni chini chini kwenye kona, hata ukiifunika kwa kikapu cha ukindu kilichopinduliwa inatoa vivuli vizuri ukutani. Ya LED haichemki sana lakini kikapu kisiguse balbu, na balbu ya zamani usiifunike na chochote.

Kwenye LUKU hesabu iko wazi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka masaa matano kila siku kwa mwezi inakula uniti 9. LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia uleule inakula uniti moja na kitu.

Nataka kinyago cha Kimakonde sebuleni. Nitajuaje ni mpingo kweli?

Hapa ni nyumbani kwa Wamakonde, ukose kinyago sebuleni ununue tembo wa plastiki? Haya.

Mpingo ni mzito, ukikishika mkononi unashangaa, na kipande chake kikitiwa kwenye maji kinazama. Geuza kinyago uangalie makalio. Wanaodanganya wanachonga mti mweupe wanaupaka rangi ya viatu, na chini huwa hawamalizii vizuri, utaona weupe au brashi. Lowanisha kitambaa usugue sehemu iliyojificha, kikitoka cheusi rudisha. Ila ukiona mchongaji kaacha kimstari cha njano hafifu pembeni usimtilie shaka, ile ni nyama ya nje ya mpingo wenyewe, moyo wake ndo mweusi.

Hela ndogo? Usikimbilie mti wa ujamaa wenye watu thelathini wamebebana. Nenda anapochonga mwenyewe, ongea naye, ulizia kazi ndogo, kijiko, bakuli, kichwa kimoja, kuna na vipande vilivyopasuka kidogo ambavyo duka la watalii halichukui. Ukifika nacho nyumbani kiweke mbali na jua la dirishani na mbali na feni inayopuliza muda wote, mpingo ukikauka haraka unapasuka. Mara moja moja kipanguse na mafuta kidogo kwenye kitambaa.

Kinyago cha uso kile cha kuchezea, lipiko, sio cha kuning'iniza tu popote. Ni kitu cha jando na unyago, wazee wengine hawapendi kukiona sebuleni juu ya TV. Kama una babu wa Kimakonde ndani ya ukoo muulize kwanza.

Makombe na matumbawe ya kuokota baharini?

Matumbawe yaache baharini, na gamba la kasa usiguse hata ukipewa bure, ni kesi. Ghuba ya Mnazi mpaka maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu 2000. Okota mbao zilizoletwa na maji, zioshe kwa maji baridi ya kisima, zianike, hizo zinatoa rafu nzuri sana na hazina mwenyewe.

Maua halisi au ya plastiki?

Halisi. Ya plastiki yanashika vumbi na mafuta ya jikoni. Chukua shubiri kwenye kopo la rangi, mpe asumini nafasi nje ya dirisha usiku harufu iingie yenyewe. Vyungu vya udongo vya akina mama wa Kimakonde vinafaa kuliko vile vya kung'aa, mradi uvitoboe chini na uweke kisahani, maji yasilale sakafuni na mbu wasizaliane.

Shoga mama mkwe anakuja Ijumaa na leo Jumatano!

Fua pazia leo. Kesho vitu vyote vilivyo juu ya kabati vishushwe, balbu mpya, foronya mpya za kitenge kimoja zote zifanane, ukuta ufutwe pale kwenye swichi na nyuma ya kochi. Ijumaa asubuhi choma udi kidogo, milango wazi, mkeka mpya pale atakapokaa. Chumba cha kulala funga mlango.

Unakuja mpaka Masasi au Nachingwea?

Nauli ya kwako nakuja. Ila kabla hujanitumia nauli nitumie picha za kuta zote nne, mchana, dirisha likiwa wazi, na vipimo vya madirisha kwa sentimita, upana na urefu, kila dirisha peke yake. Ukiniandikia "dirisha la kawaida" nitakurudishia swali, na ukinitumia picha ya sebule ya mtu wa Dubai ukasema unataka hivi, nitakuuliza kwanza ukuta wako una unga au hauna.